Kiti Alicholeta Mukwe

Wewe, kama mukwe wako, mume wa binti yako wa kuzaa, akikuletea kiti mbele ya watu wote, akakipangusa vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe, akakiweka kivulini na kurudi nyuma bila kukutazama usoni, unaweza kukataa kukikalia?

Fikiri kwanza. Kampire naye alifikiri, amesimama kwenye jua la mji wa Baraka, mikono ameifunga tumboni juu ya kikwembe alichojifunga kiunoni, na kartiye nzima, mtaa wote, inamwangalia. Kiti chenyewe kilikuwa kizuri. Hakikuwa kama vile vya plastiki vya bluu ambavyo komite ya kartiye iliazima kanisani, vingine mguu umepasuka na kufungwa kwa waya. Hiki kilikuwa cha mbao nyekundu, chenye mikono miwili na mgongo mpana, na juu ya mgongo kimechongwa ua dogo lenye majani. Aliyekichonga ni Anatole, mukwe wake, ambaye kazi yake ni useremala. Alikichonga mwaka ule mamukwe wake, Kampire huyu, aliposhuka kutoka milimani juu, na leo amekibeba kichwani toka nyumbani mpaka uwanja wa kanisa, amepita nacho katikati ya soko, watu wakimpisha na kumsifu.

Lakini Kampire alijua kitu kimoja ambacho Anatole hakukijua: akikaa, amekosa shamba analolitaka.

Mambo yalikuwa hivi. Serikali ilileta mradi wa kufungua bonde lile la matope nje ya Baraka, ambako zamani kulikuwa na matete na vyura tu. Watu wanachimba mifereji ya kutoa maji, na mwenye kuchimba mpaka mwisho wa msimu anapewa kipande cha shamba, kwa jina lake. Tangazo lilisomwa kanisani na kwenye radio: kila mtu mkubwa, mwanaume ao mwanamke, anaruhusiwa. Kampire alilisikia akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na mikono yake ikasimama juu ya majani.

Basi siku ya kuandika watu, komite ya kartiye ilikuwa na desturi yake. Vijana wanapanga mstari mbele ya lundo la majembe. Wazee, wenye mvi, wanaitwa mbele na kupewa viti, maana nani angeacha mama wa watu asimame kwenye jua na vijana wakimtazama? Wanakaa, wanaombewa, wanashukuriwa kwa kuvumilia vita na kukimbia, kisha kila mmoja anapewa kipande cha sabuni na pakiti ya chumvi. Wanarudi nyumbani wamefurahi. Hakuna mtu aliyewaambia kwamba mwenye kukaa kwenye kiti haandikwi. Hakuna aliyewafukuza. Ilikuwa heshima tu.

Kampire aliambiwa na Godelieve, mjane mwenzake, muuza samaki anayenunua mzigo wake kwenye mitumbwi inayotoka Ubwari, ng'ambo ya ziwa. Godelieve alikaa kwenye kiti msimu uliopita. Alipofuata shamba lake bondeni, akakuta limegawiwa kwa vijana wanaomwita koko, yaani bibi. Alimsimulia Kampire hayo huku akigeuza ndagala juu ya turubai, na akamaliza kwa kusema kwamba ile sabuni walau ilikuwa nzuri, ilitoa povu, aliogea akilia.

Sasa utauliza: huyu Kampire shamba alilitakia nini, na kwa binti yake hakukosa chakula?

Hapo ndipo penyewe. Hakukosa. Mumewe, Sebineza, alikufa milimani, ng'ombe wakaenda na vita, nyumba ikaenda na moto, na Kampire akashuka kwa miguu na boti za plastiki, viatu virefu vya marehemu, mguuni. Binti yake Clarisse alimpokea, na Anatole akampa chumba cha mbele, kile chenye dirisha. Lakini wewe unajua jinsi mukwe na mamukwe wanavyoishi. Hawatazamani usoni, na mamukwe anajifunika kitambaa nusu ya uso. Hawali pamoja. Hawaitani. Mamukwe akitaka chumvi anamwambia binti, binti anamwambia mume, mume anajibu kwa binti, na wote watatu wako katika nyumba moja, ukuta kati yao ni wa matofali mabichi, wanasikiana hata kupumua. Mamukwe ni mtu wa kutembelewa, tena kwa adabu. Si mtu wa kulala nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo Anatole, kila alipofika nyumbani, alisimama mlangoni na kukohoa, ili Kampire apate muda wa kuingia ndani. Asubuhi alikohoa, jioni alikohoa. Bugali alienda kula kwenye karakana yake, amekaa juu ya gogo, katikati ya maranda, maana hangetafuna mamukwe akisikia. Siku za mvua Kampire alichungulia dirishani akamwona anavuka ua, sahani ameifunika kwa kifuniko cha sufuria, maji yanamtiririka shingoni. Naye hakulalamika hata siku moja. Laiti angelalamika. Mtu anayekutendea vibaya unaweza kumuaga ukaenda. Huyu unamuaga vipi? Ukisema unataka kuondoka, Baraka yote itasema Anatole amemtesa mamukwe wake.

Kwa sababu hiyo Kampire hakumwambia Clarisse neno lote. Alimwambia nusu. Alisema, akiwa anamenya muhogo na macho yako kwenye kisu, kwamba angependa naye awepo uwanjani siku ile. Tu hivyo. Kwao, mtu mzima hajiombei kitu kwa kinywa chake. Anagusia, na wadogo wanaelewa na kumuombea. Clarisse akamwambia mumewe kwamba mama anapenda kuwepo. Anatole, aliyekuwa mmoja wa komite, akaelewa kwamba mamukwe anatamani kuheshimiwa kama wazee wengine. Akafurahi. Ndipo akaenda kukisugua kiti kwa msasa na kukipaka mafuta, mpaka lile ua likang'aa.

Ndiyo sababu sasa kiti kipo pale, na Kampire amesimama.

Jérémie, prezida wa komite, alikuwa mtu mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo, na aliitumia. Akawaomba wazee wote wakae ili kazi ianze. Wakakaa. Godelieve pia alikaa, maana magoti yalimuuma, ila akampa Kampire jicho. Viti vya bluu vikajaa. Cha mbao nyekundu kikabaki kitupu katikati yao, kama pengo la jino lililong'oka.

Majembe yalianza kutoka. Mtu anaitwa, anataja jina, anaandikwa, anachukua jembe, anaondoka nalo begani. Kampire alikuwa amesimama nyuma kabisa ya mstari wa vijana, na kila jembe likitoka alilifuata kwa macho. Lundo lilikuwa kubwa asubuhi. Sasa ungeona ardhi kati ya mipini.

Kijana mmoja mbele yake, Dieumerci, anayeendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, akageuka akamwangalia kutoka juu mpaka chini, akaona boti zimechomoza chini ya kikwembe, kubwa kuliko miguu, zimepasuka kifundoni.

"Koko, hii boti ni ya kuchimba ao ya kuvua samaki?"

Wenzake wakacheka. Kampire akamjibu polepole kwamba ni ya kuchungia ng'ombe, na kwamba ng'ombe aliowachunga walikuwa na adabu kuliko yeye. Wakacheka zaidi, safari hii Dieumerci ndiye aliyetazama chini. Lakini mstari ulikuwa umesikia, na sasa kila mtu alijua kwamba mama huyu hakupotea njia. Yuko kwenye mstari.

Jérémie akaja mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemwendea ng'ombe aliyekata kamba. Alimsalimu kwa mikono miwili. Akamwambia kiti chake kinamngoja. Kampire akashukuru, akabaki pale pale. Jérémie akasema jua ni kali. Kampire akakubali kwamba jua ni kali. Jérémie akasema bondeni kuna matope mpaka magotini, na nyoka, na kwamba wao kama watoto wake hawangelala usingizi kama angeanguka kule. Maneno yote yalikuwa matamu. Kampire alitafuta ndani ya maneno hayo pahali pa kushika akapakosa. Mtu akikuambia wewe ni mzee, toka, unaweza kugombana naye. Huyu alimwambia tu: mama, pumzika.

Akamjibu kwamba atapumzika, ila kwanza anangoja zamu yake.

Uwanja ukaanza kunong'ona. Waliokuwa kwenye kivuli cha ukuta walisema mama mukwe wa Anatole amekataa kiti cha Anatole. Neno likatembea. Lilipofika kwa akina mama wanaouza mandazi lilikuwa limekwisha kuota miguu: eti kuna ugomvi nyumbani, eti hapewi chakula, ona boti anazovaa. Kampire aliyasikia yote. Alimtafuta Anatole kwa pembe ya jicho. Alikuwa amesimama kando ya meza ya komite, kitambaa cha kupangusia bado mkononi, anakikunja, anakikunjua, anakikunja.

Clarisse akaja mbio, mtoto mgongoni. Akamwinamia mama yake sikioni.

"Mama, unatuua. Bantu banasema Anatole anakutesa. Kaa tu kidogo, kisha twende."

Kampire alimtazama binti yake, jasho limemlowesha kola, mtoto anavuta hereni yake. Angeweza kukaa. Hatua chache tu. Kiti kilikuwa na kivuli, na miguu ndani ya boti ilikuwa inawaka. Akikaa, maneno yatakwisha, Anatole atainua kichwa, na kesho asubuhi atakohoa mlangoni, na kesho kutwa, mpaka siku mmoja wao atakapokufa. Akamrekebishia Clarisse kitambaa cha mtoto kilichokuwa kimelegea, na akasogea hatua moja mbele, kwa kuwa mstari ulikuwa umesogea.

Ndipo ikaingia moto kutoka mji wa Fizi, imejaa matope mpaka kwenye taa, na juu yake mwanamke kijana, Umulisa, aliyetumwa na biro, ofisi ya mradi. Barabara ilikuwa imekatika kwenye mteremko, ndiyo sababu alichelewa, na alisema wazi kwamba lazima apande tena kabla mvua haijarudi. Alinawa uso. Akaangalia mstari, akaangalia majembe yaliyobaki, ambayo sasa mtu mmoja angeweza kuyabeba kwa mkono mmoja. Kisha akaangalia viti.

Akauliza wale ni nani. Jérémie akaeleza kwa fahari: wazee wetu, tunawaheshimu, zawadi yao iko tayari. Umulisa akauliza kama wameandikwa. Jérémie akacheka kidogo, akasema hao wamemaliza kazi zao, na shamba linataka nguvu. Umulisa hakucheka. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na barabara, kwamba pesa za mradi huu ni za watu wote, na kwamba sheria yake haina mwisho wa umri. Asiyeweza kuchimba kilindini ataweka kingo, atabeba miche, kazi zipo. Kisha akaongeza neno ambalo Kampire alilisikia mpaka kwenye mifupa:

"Hakuna muntu anatolewa juu ya miaka yake. Na hakuna muntu anasemewa na mwingine. Mwenye anataka, aseme na kinywa yake."

Viti vikalia kidogo, watu wakijigeuza. Hakuna aliyesimama. Si rahisi kuinuka kwenye heshima uliyopewa mbele ya watu.

Jérémie akaona aibu, na mwenye aibu huwa anashika kilicho karibu. Akamnyooshea Kampire mkono. Akamwambia Umulisa kwamba hata huyu aliyesimama hatafuti shamba, ni mama mukwe wa mwenzao, hana shida yoyote, na kama haamini amuulize mukwe wake mwenyewe, yuko hapa. Watu wakamsukuma Anatole mbele.

Anatole alisimama pembeni, uso ameugeuzia ziwa, kama adabu inavyotaka, asimtazame mamukwe. Unaona Ubwari vizuri kutoka pale, rangi ya majivu ng'ambo ya maji, na alisema akiitazama Ubwari. Alisema mama huyu ameteseka vya kutosha. Amechunga, amelima, amezika, amekimbia. Kwake hakosi chakula, hakosi kitanda, na maadamu yeye Anatole ana mikono, mama huyu hatashika jembe tena. Na ilikuwa kweli yote.

Watu walipiga makofi. Kuna mama aliyejifuta machozi. Kampire aliyasikia makofi yale kama udongo unaotupwa juu ya sanduku. Maana sasa mlango umefungwa kwa pande zote mbili: akinyamaza, amekosa shamba, akisema analitaka, amemfanya mtu mwema kuwa mwongo mbele ya kartiye nzima.

Umulisa alingoja. Hakumtazama Anatole, wala Jérémie. Alimtazama yeye.

"Mama, mi nauliza weye."

Uwanja wote ulikuwa umegeuka. Mbele yake alikuwa amebaki Dieumerci peke yake, na karibu na meza yamelala majembe mawili. Dieumerci aliyatazama majembe, akazitazama zile boti, akatoka pembeni, akamwachia nafasi.

Kampire akatembea. Boti zilikuwa zinagonga visigino vyake, gubu, gubu. Alipita meza. Alipita yale majembe. Alikwenda mpaka kwenye kiti cha mbao nyekundu, na uwanja mzima ukashusha pumzi, Jérémie akaanza kutabasamu. Akaweka kiganja juu ya lile ua lililochongwa. Lilikuwa na joto la jua, laini, bado linanuka mafuta. Akalipapasa jani moja moja, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Kisha akakishika kiti kwa mikono yake yote miwili, akakiinua, na hakikuwa chepesi, akakibeba mpaka mahali Anatole alipokuwa amesimama, akakiweka chini nyuma ya magoti yake. Akashusha kitambaa alichokuwa amejifunika nusu ya uso tangu siku aliyoingia nyumba ile.

Godelieve, kwenye kiti chake cha bluu, alikuwa ameanza kuinuka.

"Anatole," Kampire akasema. Jina hilo hakuwahi kulitamka. Mukwe wake akashtuka, akageuka, na kwa mara ya kwanza wakaonana machoni. "Anatole, mwanangu. Ile umesema ni kweli. Kwako sikukosa kitu. Wenye banasema unanitesa, banasema bongo, ni uongo, na mi nakataa mbele yabo bote. Lakini we unakohoa ku mulango ya nyumba yako kama mugeni. Unakula mu maranda. Mvua inakunyeshea na sahani mu mukono juu yangu. Mi naona yote, niko ku dirisha. Nilikuwa naogopa kusema, nikasema nusu, na ile nusu ikakuletesha kiti. Haiko kosa yako."

Kisha akamgeukia Umulisa, ila macho yalirudi kwa Anatole.

"Andika Kampire. Mi nataka jembe. Nataka shamba yangu, na pembeni yake nyumba kidogo, na jiko yangu mwenyewe. Nataka siku moja we na Clarisse mutoke kwenu, mukuje kwangu, mupige hodi, na mi nikupikie, mukwe wangu, ukule kwangu mpaka ushibe."